Maneno ya Mwalimu na ghala lisiloandikika: jinsi nilivyosanidi Vim kwa NixOS

Mama yangu alikuwa na duka la rejareja Mutukula, Uganda, hatua chache tu kutoka mpaka wa Tanzania, na kila Ijumaa jioni alimwandikia kaka yangu mkubwa karatasi ya kwenda nayo Masaka. Karatasi hiyo haikumwambia aende kwa nani kwanza wala anunue kiasi gani. Ilieleza jinsi rafu zinavyopaswa kuonekana Jumapili asubuhi: sukari magunia mawili, sabuni katoni tatu, chumvi katoni moja, mafuta ya taa madumu manne. Kaka alihesabu kilichokuwapo dukani, akakilinganisha na karatasi, na kilichopungua ndicho alichokwenda kukinunua. Kama hakuna kilichopungua, hakusafiri. Karatasi ileile iliweza kutumika wiki iliyofuata bila kubadilishwa hata neno moja, ijapokuwa safari yenyewe ilikuwa tofauti kabisa.

Nimeikumbuka karatasi hiyo mara nyingi tangu nianze kusanidi kihariri changu cha matini, yaani Vim, kwa njia ambayo humu nitaiita usanidi wa tamko. Katika njia ya kawaida mtu huipa kompyuta amri moja baada ya nyingine: sakinisha hiki, nakili kile, badilisha mstari huu. Katika usanidi wa tamko mtu huandika faili linaloeleza hali anayoitaka, kisha mfumo wenyewe hupima umbali uliopo kati ya hali iliyopo na hali iliyotamkwa, na kuuziba. Nataka kueleza jinsi nilivyofanya hivyo na, zaidi ya yote, mahali ambapo tamko lilinikwamisha, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulikuta katika maelekezo niliyokuwa nikiyafuata.

Kabla ya hapo nilikuwa na faili moja la usanidi wa Vim lililoitwa .vimrc, nililolikusanya kwa muda wa miaka saba. Mistari mingine niliinakili kwa wenzangu, mingine niliandika usiku wa manane nikitafuta dawa ya tatizo ambalo sasa silikumbuki tena. Kompyuta yangu ya mkononi, niliyoinunua Kampala ikiwa imekwisha kutumika, iliharibika diski asubuhi moja bila dalili yoyote ya awali. Faili lenyewe nilikuwa na nakala yake ya zamani katika flashi, lakini niliporudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, Vim ilifunguka ikiwa na makosa ukurasa mzima. Programu-jalizi, yaani nyongeza za Vim, ambazo faili lilizitegemea hazikuwapo, matoleo ya zile nilizozipata yalikuwa mengine, na folda ambazo faili lilidhani zipo hazikuwapo. Nilielewa siku hiyo kwamba .vimrc ilikuwa nusu tu ya usanidi wangu. Nusu ya pili ilikuwa imetawanyika katika diski iliyokufa, katika amri nilizozitoa miaka iliyopita na kuzisahau.

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye Nix, programu ya kusakinisha na kusimamia vifurushi vya programu nyingine. Mradi huu ulianzishwa na Eelco Dolstra mwaka 2003, na tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2006, ndiyo iliyoeleza misingi yake. Kila kifurushi hakisambazwi katika folda za mfumo kama ilivyo desturi, bali huwekwa mahali pake pekee ndani ya ghala moja, /nix/store, katika njia inayoanza na hashi, yaani alama ndefu ya herufi na tarakimu iliyokokotolewa kutokana na kila kitu kilichotumika kukijenga. Ukibadilisha maktaba moja, hashi hubadilika, na toleo jipya hukaa kando ya la zamani bila kuligusa. Ghala hilo haliandikiki: programu yoyote inaweza kusoma humo, lakini hakuna inayoruhusiwa kubadilisha kilichomo. NixOS ni mfumo endeshi uliojengwa juu ya msingi huo, ambapo mfumo mzima hutokana na mafaili ya tamko, na kila unapoutekeleza usanidi mpya unapata kizazi kipya, huku vizazi vya nyuma vikibaki kwenye orodha ya kuwashia kompyuta. Ukiharibu, unarudi nyuma kizazi kimoja. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza siku nne akijaribu kurudisha kihariri, hilo si jambo dogo.

Juu ya NixOS nilitumia Home Manager, ambayo hulifanyia folda la nyumbani la mtumiaji kile ambacho NixOS huufanyia mfumo.

Huenda mtu akauliza kwa nini Vim. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: ni nyepesi, na kompyuta nyingi ninazozihudumia ni za zamani na zina kumbukumbu ndogo. Sababu ya pili ni ya moyoni. Mara ya kwanza nilipoifungua Vim bila faili lolote, nikiwa mwanafunzi, skrini ilinionyesha sentensi ya Kiingereza inayomwomba msomaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Nilidhani kuna mtu aliyeichezea kompyuta ile. Ukiandika :help uganda unapata maelezo kamili: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja, 1994, katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilayani Rakai, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Aliporudi kwao aliendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya kituo hicho, na badala ya kuiuza programu yake aliwaomba wanaoitumia wachangie huko. Hii ni Kibaale ya kusini, karibu na Tanzania, si wilaya ya Kibaale iliyoko Bunyoro ambayo watu wengi huifikiria kwanza. Sisi wa Mutukula tunaifahamu nchi ile. Tunafahamu pia jinsi UKIMWI ulivyokimaliza kizazi kizima cha wazazi kuanzia kijiji cha wavuvi cha Kasensero miaka ya 1980, na tunafahamu yatima waliobaki ni wa nyumba zipi. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Maelezo yale bado yamo ndani ya kifurushi, na kila kompyuta ninayoisanidi, ghala lake linabeba faili lenye jina la nchi yangu. Mimi nalithamini hilo, na sioni aibu kusema kwamba limechangia uchaguzi wangu.

Tamko langu la kwanza lilikuwa fupi, na hata leo kiini chake hakijabadilika sana:

programs.vim = {
  enable = true;
  defaultEditor = true;
  packageConfigurable = pkgs.vim;
  plugins = [ pkgs.vimPlugins.vim-nix ];
  settings = {
    number = true;
    expandtab = true;
  };
  extraConfig = ''
    set encoding=utf-8
    " Umeme hukatika bila taarifa.
    set updatecount=50
    set spelllang=sw,en
  '';
};

Nilitekeleza usanidi, Vim ikafunguka vizuri, nikafurahi. Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani kila anayetoka kwenye njia ya zamani hulifanya: nilitaka kujaribu rangi nyingine, nikaandika mstari mmoja katika .vimrc ndani ya folda langu la nyumbani, kama nilivyozoea. Hakuna kilichobadilika. Nikafunga, nikafungua. Nikaandika mstari wenye makosa kwa makusudi ili nione kama Vim italalamika, nayo haikulalamika. Jioni nzima ikapita hivyo. Jibu nililipata nilipoandika :scriptnames, amri inayoorodhesha mafaili yote ambayo Vim imeyasoma tangu ilipoanza. Faili la kwanza kabisa lilikuwa vimrc iliyomo ndani ya /nix/store, na .vimrc yangu haikuwamo kwenye orodha. Home Manager haiandiki .vimrc katika folda la nyumbani. Huijenga Vim ikiwa imekwisha kufungamanishwa na faili lake la usanidi lililomo ghalani, na Vim ikishaambiwa itumie faili hilo, hailitafuti jingine.

Mwanzoni hilo lilinikera. Baada ya wiki mbili niliona faida yake: hakuna tena mahali pa siri pa kuficha mstari mmoja wa haraka. Kila badiliko linapitia faili la tamko, na faili la tamko limo ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, kwa hiyo kila badiliko lina tarehe na sababu.

Sababu ndiyo niliyoamua kuishikilia kwa nguvu. Nilijiwekea sharti kwamba mstari wowote wa .vimrc ya zamani usioweza kuandikiwa maelezo ya sentensi moja ya Kiswahili hauingii. Kati ya mistari zaidi ya mia mbili, iliyovuka ni isiyofika arobaini. Chukua huo wa updatecount. Vim huandika faili la akiba pembeni ya faili unalolihariri, ili kazi isipotee kompyuta ikizimika ghafla, na kwa kawaida hufanya hivyo kila baada ya herufi 200 au ukitulia kwa sekunde nne. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzuri, hizo zinatosha. Mimi huhudumia chumba cha kompyuta cha shule moja hapa Masaka, na kompyuta tisa zilizomo ni za mezani, hazina betri wala kifaa cha kuhifadhi umeme. Umeme ukikatika mwalimu akiwa katikati ya sentensi, herufi 200 ni kama sentensi mbili nzima. Kwa hiyo nimeandika 50, na sababu imeandikwa juu ya mstari, ili atakayenirithi kazi hii asiufute akidhani ni mapambo.

Mwingine ni wa kumbukumbu ya mabadiliko, unaomwezesha mtu kutengua alichokiandika jana hata baada ya kufunga faili. Vim inaweza kuhifadhi kumbukumbu hiyo katika folda utakalolichagua, lakini haiundi folda hilo yenyewe. Lisipokuwapo, hainung'uniki, inaacha tu kuhifadhi. Ilibidi nilitamke folda lenyewe pia. Katika ile nakala ya flashi, hili lilikuwa mojawapo ya mafolda yaliyokosekana.

Kuhusu packageConfigurable: Home Manager isipoelekezwa hutumia kifurushi cha Vim kamili, chenye dirisha lake la michoro na lugha kadhaa za programu ndani yake, ambacho huvuta nyuma yake msururu mrefu wa vifurushi vingine. Nilichagua Vim ndogo. Nilichopoteza ni uwezo wa kunakili moja kwa moja kati ya Vim na programu nyingine za dirishani, na katika kompyuta yangu mwenyewe nimeurudisha uchaguzi wa kifurushi kikubwa kwa sababu siwezi kufanya kazi bila hilo. Kwa shule, ndogo inatosha.

Na hapa lazima niseme wazi jambo ambalo wanaosifu Nix kutoka nchi zenye intaneti ya bei nafuu hawaligusi. Mfumo huu unakula bando. Kwa kuwa hashi ya kila kifurushi inatokana na kila kilichokijenga, badiliko dogo katika maktaba ya msingi hubadilisha hashi za karibu vifurushi vyote vinavyoitegemea, na vyote hupakuliwa upya, hata kama programu yenyewe haikuguswa. Anayetekeleza nix flake update, amri ya kusasisha vyanzo vyote vya vifurushi, kila asubuhi kama anayesoma habari atashangaa bando lake limekwenda wapi. Faili la flake.lock lipo kwa ajili hiyo hasa: linafunga kila chanzo kwenye toleo moja lililo bayana, na hakuna kinachosogea mpaka uamue. Mimi huamua mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya marekebisho ya usalama, na huhamia toleo kubwa la NixOS linapotoka, yaani kila Mei na Novemba.

Kwa kompyuta tisa za shule sipakui mara tisa. Naujenga usanidi wa kila mashine kwenye kompyuta yangu, kisha nautuma kwa mtandao wa ndani kwa amri ya nixos-rebuild yenye kigezo cha --target-host, na kinachosafiri ni vile tu ambavyo mashine inayopokea haina. Waya wa mtandao wa ndani haulipiwi kwa megabaiti. Kuna wakati swichi ya mtandao iliharibika, nikabeba vifurushi kwa flashi kwa amri ya nix copy, na hapo nikakutana na ukaguzi wa sahihi: vifurushi vilivyotoka katika hazina rasmi ya NixOS vilipokelewa kwa sababu vina sahihi inayoaminika, lakini vile nilivyovijenga mwenyewe, ikiwamo Vim yangu iliyofungamanishwa na usanidi wake, vilikataliwa. Nilitengeneza ufunguo wangu wa kutia sahihi, nikaitamka sehemu yake ya umma katika usanidi wa kila mashine, na suala likaisha. Ukaguzi ule ni wa haki, na nisingependa uwe legevu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Katika shule hiyo yupo mwalimu anayefundisha Kiswahili, mtu mzima ambaye amefundisha tangu nyakati ambazo wanafunzi wa Kiswahili hapa walihesabika kwa vidole. Baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuwa somo la lazima shuleni, Julai 2022, kazi yake iliongezeka maradufu, na sasa anaandaa mwenyewe matini ya kusoma kwa ajili ya madarasa yote. Nilimfundisha Vim, akaishika haraka kuliko vijana. Nikamwekea ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili.

Vim huja na orodha ya maneno ya Kiingereza tu. Orodha ya Kiswahili ipo katika hazina ya Vim, na kwa kawaida Vim hujitolea kuipakua mara ya kwanza unapochagua lugha hiyo. Mimi sikutaka kompyuta tisa zipakue kila moja kwa wakati wake, tena bila kuandikwa popote. Kwa hiyo nililipakua faili la orodha hiyo, sw.utf-8.spl, kwa tamko, hashi yake ikiwa imeandikwa ndani ya usanidi ili faili likibadilika huko lilikotoka ujenzi usimame badala ya kuendelea kimyakimya, na nikaliweka katika folda la .vim/spell la kila mtumiaji. Ili usanidi uonekane nadhifu, nililiunganisha folda zima na ghala kwa kiungo kimoja. Uamuzi huo wa unadhifu ndio ulioleta taabu.

Siku ya pili Mwalimu alinipigia simu.

"Mwanangu, neno tutakapowaandikia limepigwa mstari mwekundu. Neno hili nimelifundisha miaka yote."

"Mwalimu, uko sahihi, ni orodha isiyolijua. Weka kishale juu yake, ubonyeze z kisha g, nalo litaongezwa."

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Imekataa. Inasema faili halifunguki."

Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja. Kutokana na andika peke yake tunapata ataniandikia, hawakutuandikia, tulipomwandikia, mliowaandikia, zisizoandikika, na mengine ambayo hakuna mtu aliyekaa akayahesabu. Orodha yoyote ya maneno, hata ikiwa na kanuni za viambishi, itaachwa nyuma na mwalimu anayeandika Kiswahili kizuri. Ongeza majina ya mahali petu, Kyotera, Lukaya, Kalisizo, na majina ya vyakula vyetu. Kihariri cha Kiswahili kisichofundishika ni bure, kwa sababu mistari myekundu ikizidi, macho huacha kuiona, na siku kosa la kweli likipita hakuna atakayelitambua.

Na mimi nilikuwa nimekifanya kisifundishike. Vim huandika maneno mapya katika faili linaloishia kwa .add ndani ya folda lilelile la spell, na folda hilo sasa lilikuwa kiungo kinachoelekea ghalani, mahali pasipoandikika. Ghala lilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa langu, kwa kutamka kitu ambacho si changu kukitamka.

Nilirudi kwenye karatasi ya mama. Ilitaja sukari na sabuni, haikutaja kamwe daftari la madeni. Daftari lilikuwa dukani, liliandikwa kila saa, na kila mteja alilibadilisha kwa kuja kwake. Mama angeweza kuamua daftari likae wapi na nani ameruhusiwa kuliandika, lakini yaliyomo hayakuweza kuamuliwa Ijumaa jioni. Katika kihariri, orodha ya msingi ya maneno ni sukari na sabuni. Maneno ya Mwalimu ni daftari. Kumbukumbu ya mabadiliko ni daftari. Faili la akiba ni daftari. Nilikuwa nimesoma maelekezo mengi ya jinsi ya kutamka kila kitu, na hakuna lililoniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kukaa na kuuliza, kwa kila faili, ni nani analiandika na mara ngapi.

Suluhisho la kwanza nililolijaribu lilikuwa mkOutOfStoreSymlink, kazi ya Home Manager inayotengeneza kiungo kinachoelekea nje ya ghala, kwenye faili la kawaida linaloandikika. Inafanya kazi, ila katika mfumo wa flake, yaani mpangilio wa Nix unaotumia flake.lock, njia ya faili lazima iandikwe kamili kama matini. Ukiiandika kwa mkato, faili linanakiliwa ghalani na unarudi ulikotoka. Kisha nikaona kwamba nilikuwa nikizunguka mlima bila sababu. Vim yenyewe ina chaguo la spellfile, linalosema maneno mapya yaandikwe wapi, mradi jina la faili liishie na usimbaji na .add. Nikaondoa kiungo cha folda zima, nikaunganisha faili la .spl peke yake, na nikaongeza mstari mmoja katika extraConfig unaoelekeza maneno mapya kwenye ~/maneno/sw.utf-8.add. Mahali pametamkwa, yaliyomo yameachwa huru. Mwalimu akabonyeza z na g, na mstari mwekundu ukaondoka.

Baada ya mwezi mmoja tulikuwa na tatizo jipya, ambalo kwangu lilikuwa habari njema: maneno aliyoyafundisha Mwalimu kwenye kompyuta ya tatu hayakujulikana kwenye ya sita. Folda la maneno sasa ni hazina ya Git, na kila kompyuta hubadilishana nayo jioni kwa kipima muda kilichotamkwa katika NixOS. Yako mambo mawili ambayo yeyote atakayejaribu hivi atakutana nayo. La kwanza, kila kompyuta huongeza maneno mwishoni mwa faili lilelile, kwa hiyo Git huona mgongano kila siku. Mstari mmoja katika .gitattributes, *.add merge=union, huiambia ichukue mistari ya pande zote mbili, na kwa orodha ya maneno hilo ndilo hasa linalotakiwa, kwa kuwa neno likijirudia halidhuru. La pili, Vim haisomi faili la .add lenyewe bali toleo lake lililokokotolewa, la .add.spl, ambalo huundwa unapobonyeza z na g lakini haliundwi upya faili linapowasili kwa Git. Maneno yatakuwamo kwenye faili, na mistari myekundu itabaki palepale. Nimeongeza katika usanidi ulinganisho mfupi wa tarehe: Vim inapoanza, .add ikiwa mpya kuliko .add.spl, hutekeleza mkspell, amri inayoliunda upya. Mafaili ya .spl hayaingizwi katika Git.

Lililobaki sijalimaliza. Wanafunzi nao wamegundua z na g, na mtoto anayechoshwa na mstari mwekundu hukifundisha kihariri kosa lake mwenyewe, nalo jioni husambaa kwenye kompyuta zote tisa. Tulikuta neno hawakuniambiya limekubaliwa kila mahali. Kwa sasa Mwalimu hupitia maneno ya wiki kila Ijumaa, na yale yasiyofaa huyatia alama ya kosa kwa z na w. Ninafikiria kuwapa wanafunzi faili lao la .add lisilotoka nje ya akaunti zao, kwa kuwa spellfile inakubali zaidi ya faili moja, na faili la Mwalimu likabaki peke yake katika Git. Nimekwisha kuuandika mstari huo katika tamko la kompyuta ya tisa, na Jumatatu nitaujaribu pamoja naye.